Minde Afumaniwa na Chura Mdomoni!

Najua kijiweni kwenu stori ni zile zile: nani kafumaniwa na nani, gesti ipi, nani kakimbia bila viatu. Mimi leo nawaletea fumanizi la aina yake. Halikutokea Sinza wala Manzese. Limetokea msituni, milima ya Udzungwa, huko Morogoro na Iringa zinakopakana, na aliyefumaniwa ana pembe na kwato.

Jina lake minde. Ni ndugu wa funo, ila yeye ni mkubwa kama mbuzi aliyeshiba, rangi ya kahawia iliyokolea mpaka karibu nyeusi, na kichwani ana kishungi chekundu kama kaenda saluni. Dunia nzima hapatikani ila Tanzania. Pamoja na uzawa wote huo, picha yake ya kwanza akiwa porini ilipatikana mwaka 2003 tu. Sasa sisi tulioishia form four tulikaririshwa kwamba jamii ya swala ni wala majani. Basi iko picha ambayo minde kanaswa usiku wake, katulia zake, na chura mdomoni! Mwalimu wa baolojia angekuwepo angekaa chini.

Mtauliza, aliyemfumania ni nani? Hakuna mtu. Ni kamera.

Wenyewe wanaiita kamera ya mtego. Ni kisanduku chenye rangi ya magome, kinafungwa kwenye shina la mti kwa mkanda, chini chini kama usawa wa goti. Mbele kina kijicho kinachohisi joto linalotembea. Kitu chenye damu moto kikikatiza tu, kijicho kinashtuka, picha inapigwa, na tarehe na saa vinaandikwa hapo hapo. Aliyeifunga keshaondoka zamani, yuko kwake anakula ugali.

Na hapo ndipo penye utamu. Mnyama akinusa harufu ya binadamu keshabadilika, hata kama amekaa kimya. Jamani, hata wewe ukiwa ukweni hukai kama unavyokaa geto. Unakunja miguu, unatafuna polepole, unajifanya umeshiba. Kamera inamkuta mnyama akiwa geto kwake.

Kule Udzungwa, kuanzia mwaka 2009 watafiti walikuwa wakitega sehemu 60 kila mwaka, kila kamera ikikaa siku 30. Kwa sababu kila picha ina saa yake, wamejua kwamba njia moja ya msituni ina zamu kama daladala. Mchana anapita funo, mwekundu, mwoga. Giza likiingia, anachukua minde. Wanatumia njia ile ile, na nadra wagongane.

Lakini aliyeleta kasheshe kubwa ni sange. Sange ni kale kanyama kenye pua ndefu kama mkonga, kanakotembea kakipekua majani makavu kutafuta mchwa na wadudu wengine. Watu wengi wakimwona wanasema panya. Si panya, ndugu zangu. Wataalamu wamempima mpaka damu wakakuta ukoo wake uko karibu zaidi na tembo kuliko na panya. Mkonga ule haukuja bure!

Mwaka 2005, kamera alizotega Francesco Rovero, mtafiti kutoka Italia, katika msitu wa Ndundulu huko huko Udzungwa, zilimnasa sange ambaye hakufanana na yeyote kwenye vitabu. Uso wa kijivu, makalio meusi ti. Picha zikapelekwa kwa Galen Rathbun, Mmarekani aliyekuwa amewasoma sange kwa miaka mingi. Mwaka 2006 wakapanda mlima wakawapata wanne. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi kwa jina la Rhynchocyon udzungwensis. Ana uzito wa gramu 700 hivi, na hakuna sange anayemfikia kwa ukubwa. Yaani mnyama wa mchana kweupe, wala hajifichi kwenye shimo, na sayansi ilikuwa haijamjua mpaka kamera ikamwona.

Kwa wale wa safu ya mapenzi, nanyi sijawasahau. Huyo Rathbun aliwahi kuwafuatilia sange wengine, wale wenye makalio ya dhahabu, pale Gedi, pwani ya Kenya. Alikuta dume na jike wanaishi wawili wawili, mke mmoja mume mmoja, kwenye eneo lao moja. Ila muda mwingi kila mtu anakwenda kivyake, na usiku kila mtu na kiota chake cha majani. Akija dume mgeni, mume ndiye anayemfukuza. Akija jike mgeni, mke ndiye anayetoka kumtimua, mume hana neno. Nimewaambia washikaji zangu hii ndiyo ndoa ya kisasa, wakanizomea.

Haya, tuache utani. Mwaka jana nilikwenda kutembea Mang'ula, pale chini ya mlima, nikapiga stori na mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa akiwabebea watafiti mizigo. Nikamuuliza, "Shikamoo babu. Hivi hiyo kamera inajuaje pa kukaa?"

"Marahaba mjukuu wangu. Kamera haijui kitu. Ukiifunga pasipopita mnyama, itakupigia majani yanayotikisika mwezi mzima. Anayejua ni mguu."

Akainama njiani akaanza kunionyesha. Alama mbili zilizochongoka kwa mbele ni kwato, na ukubwa wake unakuambia ni funo au ni mkubwa wake. Unyayo wa duara wenye vidole vinne bila alama ya kucha ni jamii ya paka, maana chui akitembea kucha anazirudisha ndani. Kucha zikionekana, huyo ni mbwa au fisi. Majani yaliyopekuliwa vishimo vidogo vidogo, sange kapita akitafuta mlo. Unyayo wenye kingo kali ni wa leo, uliomomonyoka ni wa juzi. Yote hayo bila betri wala kadi. Nikajisemea, kumbe nyuma ya kila picha tunayoishangaa kuna mtu wa kijijini aliyesema, "Fungeni hapa."

Halafu akaniambia neno lililoniondolea kicheko. Akasema anayetega kamera na anayetega tanzi la waya wanachagua sehemu moja. Wote wanatafuta ile njia nyembamba, wote wanasoma unyayo ule ule, wote wanatega usawa wa goti kushuka chini. Tofauti ni kwamba mmoja anarudi na picha na mnyama anaendelea na safari. Mwingine anarudi na nyama. Na tanzi halichagui. Limetegwa kwa ajili ya funo, anaingia minde, anaingia mtoto wa nguruwe, anaingia yeyote.

Kamera zenyewe zimetoa ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha misitu miwili ya milima hiyo hiyo. Mmoja uko ndani ya hifadhi ya taifa yenye walinzi, mwingine uko kusini, Uzungwa Scarp, ambako uwindaji ulikuwa umezidi. Kamera ni za aina moja na utegaji ni mmoja. Ule wa kusini aina za wanyama waliokatiza zilikuwa chache kuliko mwenzake. Miti imesimama, kijani kipo, ukipita juu kwa ndege utasema msitu mzima. Chini, njia hazina wenyewe.

Sasa mtu wa mjini atasema, mimi na tanzi wapi na wapi? Rafiki yangu, lile tanzi halikutegwa kwa ajili ya tumbo la mtegaji peke yake. Kuna nyama inayoingia mjini usiku ndani ya gunia, ikaishia kwenye sahani ya bia, mtu anainong'ona "ya porini hiyo" na bei inapanda. Anayeilipia ndiye anayemrudisha yule jamaa kwenye njia kesho yake. Ukiletewa, uliza kibali kiko wapi. Muuzaji akianza kuangalia pembeni, jua hapo unamla nani. Huenda ni mzawa wetu minde, ambaye hana nchi nyingine ya kukimbilia.

Na kama huna nauli ya Mang'ula, anza na hapo ulipo. Mvua ikinyesha usiku, amka mapema kabla pikipiki hazijavuruga, angalia tope la uchochoro wenu. Penye kucha kapita mbwa, pasipo na kucha kapita paka wa jirani, yule mwizi wa dagaa. Ukishamtambua mwizi kwa unyayo, niandikie unipe udaku wake.

Wiki ijayo, Mungu akipenda.