Aliyefukuzwa Kwao Akaichora

Wengi wetu tunaishi mbali na tulikozaliwa, na tukikutana maongezi yetu ni kulilia kwetu. Leo nawaomba mumtazame padri mmoja wa Uswidi, Olaus Magnus, mzaliwa wa Linköping wa mwaka 1490. Mfalme Gustav Vasa alipoachana na Kanisa la Roma, Olaus na kaka yake, Askofu Mkuu Johannes, walishikilia imani yao wakabaki ugenini. Mali yake ikatwaliwa. Hadi anafariki Roma mwaka 1557, hakuiona tena nchi yake.

Uchungu huo aliufanyia kazi. Mwaka 1527, akiwa Danzig, alianza kuchora, na baada ya miaka 12 ramani yake, Carta Marina, ikachapishwa Venice kwa mbao 9 za kuchonga, upana kama meta 1.70, kimo 1.25. Isogeleeni. Watu wanateleza juu ya theluji na pinde mikononi. Wapanda farasi wanavuka bahari iliyoganda. Joka limejiviringisha kwenye merikebu, na kwa majoka hayo wapo waliomdharau. Wamekosea. Mashariki ya Aisilandi amechora mistari inayozunguka kama uji unaokorogwa. Wataalamu wa bahari wa zama zetu wameilinganisha na picha za setilaiti, wakakuta ndipo maji ya baridi na ya vuguvugu yanapokutana. Yaelekea padri hakuyajua hayo kwa kusoma. Huenda aliambiwa na mabaharia, naye akawa na sikio la kuwasikiliza.

Basi nanyi mlioko Muscat, London au Toronto, mbona majina ya miamba na visima vya kwenu mnayaacha yafe na wazee? Mpigieni babu simu leo hii. Muulizeni maji yakipwa fungu lipi huwa wazi, na ngalawa hupita wapi. Andikeni jina kama anavyolitamka yeye, msilisahihishe. Wala msingoje mpaka mrudi.

Johannes alipofariki mwaka 1544, Olaus alipewa uaskofu mkuu wa Uppsala, kiti asichopata kukikalia. Ramani nayo ilipotea karne nyingi, hata nakala moja ikaonekana Munich mwaka 1886. Ya pili ilipatikana Uswisi mwaka 1961. Mwaka uliofuata ilinunuliwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Uppsala, na iko huko hadi leo.