Mfuko wa Kitambaa, Simu Mpya

Chini ya barua pepe za ofisi nyingi kuna mstari wa kijani unaosihi: fikiria miti kabla ya kuchapisha. Mwenye mstari huo huenda sokoni na mfuko wa kitambaa, hulaani chupa za plastiki, na kila simu mpya ikitoka hutafuta namna ya kuipata. Anaamini kwamba aliyeachana na karatasi ameachana na uchafuzi. Imani hiyo ni uongo mtamu, na watetezi wa mazingira ndio wanaoueneza kuliko mtu mwingine yeyote.

Tuanze na hiyo miti. Msitu wa Sao Hill kule Mufindi, unaolisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo, ni wa kupandwa: misindano na mikaratusi hukatwa, ikapandwa mingine. Simtakasi mwenye kiwanda. Karatasi nayo hula maji, umeme na kemikali. Ila mti hupandwa tena; kobalti, madini yanayotiwa kwenye betri za simu, haipandwi. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Katika mji wa Kolwezi uko mtaa wa Kasulo, ambako madini yalipogundulika chini ya makazi mwaka 2014, watu walichimba mashimo uani, wengine hadi ndani ya nyumba zao. Wanazungumza Kiswahili kama sisi, na bado hatuwasikii kwenye warsha zetu za tabianchi.

Wapo walioanza kushtuka kwamba vifaa vya kidijitali navyo huchafua, lakini wamekimbilia kusikofaa. Wanafuta barua pepe za zamani na kujinyima video. Ni kujisumbua bure. Kwa mujibu wa ripoti za Apple wenyewe, takriban asilimia 80 ya gesijoto inayosababishwa na simu zao hutokana na uchimbaji na utengenezaji, kabla mnunuzi hajabonyeza kitufe. Vituo vya kuhifadhi data navyo ni walafi kweli: Ireland mwaka 2023 vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita. Hilo ni la serikali na makampuni kujibu; kufuta picha za harusi ya binamu hakuligusi.

Kilicho mikononi mwetu ni umri wa kifaa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo. Simu ikitumika miaka sita badala ya mitatu, moja haitengenezwi. Hesabu hiyo fundi simu wa Kariakoo anaijua bila semina. Anabadilisha kioo, anachomelea mfumo wa chaji, anang'oa kipuri kwenye simu iliyokufa kuokoa iliyo hai. Kwangu huyo ndiye mwanamazingira, ingawa hajawahi kupewa fulana wala posho ya kikao.

Na anapigwa vita. Betri imegandishwa kwa gundi, vipuri vimefungwa kwa programu, masasisho yanakatwa wakati simu bado nzima. Wenzetu wameanza kuwabana watengenezaji. Ufaransa ilianza Januari 2021 kudai kila simu iuzwe na alama inayoonyesha inavyokarabatika, na Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unataka vipuri muhimu vipatikane kwa miaka saba baada ya modeli kuondolewa sokoni.

Tusiambiwe kwamba sisi hatuna ubavu huo. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima, watu wakalalamika, na zikabaki zimezimwa. Mamlaka yenye uwezo wa kuzima simu iliyokwishanunuliwa haiwezi kushindwa kuizuia bandarini ile ambayo betri yake haitoki bila kuvunja kioo. Watetezi wa mazingira waende wakaidai TCRA na Shirika la Viwango (TBS) kanuni ya kuzuia simu za aina hiyo, kwa barua. Hata ya karatasi.