Sauti ya Ituri iko mbali kule angani: siku tukijibiwa, nani atatangaza?

Tangu mwezi wa saba mwaka 2025, matelefone ya huku kwetu yamepitisha video nyingi juu ya kitu kinaitwa 3I/ATLAS. Darubini moja ya Chile ilikiona tarehe 1 mwezi wa saba, kikitoka nje kabisa ya jua letu na sayari zake. Upesi watu wakaanza kusema ni ndege ya viumbe wa kule juu. Hata profesa mmoja wa chuo kikuu cha Harvard, Avi Loeb, aliomba wazo hilo lisitupwe haraka. NASA na wataalamu wengi walijibu kwamba ni kometi tu, ile nyota yenye mkia. Mwezi wa kumi na mbili ilipita karibu na dunia kuliko siku zote, na hiyo karibu yenyewe ilikuwa kilometa milioni 270 hivi. Haikusimama, haikusalimia mtu.

Watu wamecheka, wengine wameogopa, kisha kila mtu akarudi ku kazi yake. Lakini swali lenyewe halikuisha. Siku moja kama habari ni ya kweli, kama kuna viumbe wenye akili kule juu na wametuma ishara, sisi wanadamu tutafanya nini? Swali hili linagusa sana watu wa radio, na sababu iko Quito, mji mkuu wa Ecuador.

Tarehe 12 mwezi wa pili mwaka 1949, usiku, Radio Quito ilikuwa inapiga muziki kama kawaida. Gafula muziki ukakatwa. Mtangazaji akasema viumbe kutoka sayari ya Marsi wameshuka karibu na mji, na wanakuja. Ilikuwa mchezo wa radio tu, uliotengenezwa juu ya kitabu cha Mwingereza H.G. Wells, ambacho Orson Welles alikuwa amekwisha kukitumia ku radio huko Marekani mwaka 1938. Lakini wasikilizaji wa Quito hawakuambiwa vizuri. Walisikia majina ya mahali wanapopajua, wakasikia sauti za watu waliojifanya wakubwa wa serikali. Watu wakatoka nje na nguo za kulala. Polisi na askari wakatumwa kuelekea kule walikosema adui ameshuka.

Radio ilipoona mambo yameharibika, ikatangaza: tulieni, ni mchezo. Na hapo ndipo ilipokuwa mbaya zaidi. Woga uligeuka kasirani. Watu walikwenda mpaka ku nyumba ya gazeti El Comercio, ambamo radio ilikuwa inafanyia kazi, wakatupa mawe, wakawasha moto. Askari walikuwa mbali, wamekwenda kutafuta watu wa Marsi. Watu wasiopungua sita walikufa.

Angalia vizuri: woga wa wageni wa angani haukuchoma ile nyumba. Kilichoichoma ni hasira ya watu waliojua kwamba sauti waliyoiamini imewadanganya. Kwa maoni yangu, hapa ndipo hatari yenyewe ilipo, kuliko kwa hao wageni.

Na sisi wa mashariki hatuna lazima ya kwenda Ecuador ili kuelewa. Nani amesahau mwezi wa tano mwaka 2021? Nyiragongo ilitapika jumamosi jioni, tarehe 22. Tarehe 27 asubuhi watu wa sehemu kubwa ya Goma wakaambiwa waondoke, na mamia ya maelfu wakashika njia ya Sake, ya Minova, ya Rwanda, na magodoro ku kichwa. Kila mtu alikuwa na habari yake: mlima utapasuka tena, gesi ya ziwa itatoka. Zingine zilikuwa hofu za wataalamu wenyewe, zingine uvumi mtupu, na mama mwenye watoto watano barabarani hakuwa na namna ya kuzitenganisha. Mbele ya hapo, wakati wa Ebola, mwaka 2019, vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, lakini wengi hawakuamini mdomo uliokuwa unausema.

Wataalamu wa nyota nao wamefikiria hiyo. Mwaka 1967, huko Cambridge, Uingereza, mwanafunzi Jocelyn Bell aliona ishara inayorudia kila sekunde 1.3, sawasawa kama saa. Kwa mzaha wakaiita LGM-1, maana yake watu wadogo wa kijani. Hawakukimbilia magazeti. Walipima, wakapima tena, mpaka Bell akaona ishara ingine ya namna ile ile upande mwingine wa anga. Basi si watu, ni aina ya nyota inayozunguka haraka sana. Walitangaza mwezi wa pili mwaka 1968, na kila kitu wazi.

Tangu mwaka 1989 wanaotafuta ishara hizo wana mapatano: kwanza hakikisha, omba wenzako wengine wapime, kisha uambie dunia yote bila kuficha, na usitume jibu kabla mataifa hayajashauriana. Ni mapatano mazuri, lakini si sheria. Hakuna tribunali itakayomfunga anayeyavunja. Na ishara inaweza kusikika hapa hapa Afrika, maana ile mitambo 64 ya MeerKAT, kule Afrika ya Kusini, inasaidia katika kazi hiyo.

Kisha linabaki swali la nani ajibu. Mwaka 1885 huko Berlin mataifa yalimaliza mkutano ambamo njia za kugawana Afrika zilipatanwa, Congo ikiwa katikati ya maneno, na hapakuwa Mkongomani hata mmoja katika chumba. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba wakubwa wa dunia watajibu kwa jina la wote, sisi tuna haki ya kuuliza ni wakubwa gani.

Salamu ya kwanza imekwisha kutumwa. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, na kila kimoja kimebeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti za dunia. Kuna salamu katika lugha 55. Kiswahili hakimo. Kuna neno la katibu mkuu wa ONU wa wakati ule, Kurt Waldheim, ambaye baadaye ilijulikana alikuwa ameficha sehemu ya maisha yake katika jeshi la Hitler. Ndiye aliyesema kwa niaba yetu!

Lakini katika nyimbo za sahani hiyo kuna wimbo wa kutoka kwetu, umeandikwa «Zaire». Ni wasichana Wambuti wa pori la Ituri, wanaimba wimbo wa sherehe ya kuingia utu uzima, ile elima. Mwingereza Colin Turnbull aliwarekodi miaka ya 1950, wakati Voyager haijafikiriwa na mtu. Leo sauti zao ziko zaidi ya kilometa bilioni 24 kutoka hapa, mbali kuliko kitu chochote mwanadamu amewahi kutuma, na Voyager 1 itahitaji miaka 40.000 hivi ili ipite karibu na nyota ingine.

Kama uko Mambasa ao Epulu, na unajua wamama wazee wanaokumbuka nyimbo za elima za wakati ule, utuandikie ao upite ku radio. Tunataka kuwauliza kama wanajua wimbo wa pori lao umefika wapi, na kama wao wangechagua ule ao mwingine.