Mfanyabiashara wa mpakani, anza na kifungu cha kuachana

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la mfanyabiashara wa leo wa Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo haliko tena chini ya meza. Liko ndani ya kompyuta: hesabu ya stoo, madeni ya wateja, nyaraka za forodha na risiti za kodi. Tanzania ina mashine za EFD, Kenya ina eTIMS, Uganda ina EFRIS na Rwanda ina EBM. Mfumo ukizimika, risiti haitoki, na mzigo usio na risiti halali ni matatizo barabarani.

Ndiyo maana wengi wanaingia mikataba na kampuni za TEHAMA zinazosimamia kila kitu kwa ada ya mwezi: kompyuta, intaneti, programu ya mauzo, ulinzi dhidi ya wadukuzi na nakala rudufu za kumbukumbu. Sina ugomvi na utaratibu huo. Duka lenye kompyuta sita haliwezi kuajiri mtaalamu wa kudumu. Ugomvi wangu ni namna tunavyosaini. Mnunuzi wa mahindi hapokei gunia kabla ya kulitoboa kwa bambo na kuziona punje. Huyohuyo akiletewa mkataba mnene wa Kiingereza, anatafuta tu mahali pa kuweka sahihi.

Msimamo wangu ni kwamba mkataba wa aina hii usomwe kuanzia mwisho. Kabla ya kuuliza bei, uliza mtaachanaje. Kampuni hiyo itashika funguo zote za biashara yako, na siku mkikosana ndipo utajua funguo ni za nani. Nywila kuu za mifumo anazo nani? Jina la tovuti na anwani za barua pepe zimesajiliwa kwa jina lako au lao? Kumbukumbu zako zitarudishwa ndani ya siku ngapi, kwa gharama ya nani, na katika muundo unaoweza kusomwa na programu nyingine? Angalia pia kama mkataba unajihuisha wenyewe. Ukiandikwa wa miaka mitatu na notisi ya siku 90, ukasahau kutoa notisi hiyo, unaweza kujikuta umefungwa kwa miaka mingine mitatu.

Swali la pili ni ahadi ya upatikanaji wa huduma. Asilimia 99 inasikika kama ukamilifu. Piga hesabu: mwezi wa siku 30 una saa 720, na asilimia moja yake ni saa 7 na dakika 12. Muda huo wote ukiangukia Jumatatu asubuhi, lori lako likiwa kwenye foleni, kampuni haijavunja ahadi yoyote. Asilimia 99.9 inaacha dakika 43 tu. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ni karibu siku nzima ya kazi.

Tatu, tenganisha kujibu na kutengeneza. Kifungu kinachosema tatizo litajibiwa ndani ya saa moja hutimizwa kwa kupokea simu na kukupa namba ya malalamiko. Dai muda wa kurejesha huduma, na hakikisha unahusu usiku na mwisho wa wiki, kwa sababu mizigo haisubiri Jumatatu. Nakala rudufu nazo ziwe na siku ya kujaribiwa mbele yako. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Nne, soma kinga aliyojiwekea mtoa huduma. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Hakuna kampuni ya mtaani inayoweza kuzamia baharini kuunga waya, na ni haki isamehewe kwa hilo. Lakini inaweza kukuwekea njia ya pili ya mawasiliano na programu inayoendelea kuuza mtandao ukikatika. Msamaha wa mambo yaliyo nje ya uwezo usimeze wajibu wa kujiandaa. Tazama pia kikomo cha fidia. Kikiwa ada ya mwezi mmoja, jiulize kama kinafikia hata thamani ya mzigo mmoja wa nyanya ulioozea mpakani.

Kwetu tunaovuka mipaka kuna tabaka jingine. Bei imeandikwa kwa fedha gani? Tangu Machi 2025 Tanzania imezuia bei na malipo ya bidhaa na huduma za ndani kuwa kwa fedha za kigeni. Je, ada imejumuisha VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, Uganda na Rwanda? Nani anabeba kodi ya zuio kampuni ikiwa ya nchi jirani? Na namba za simu na vitambulisho vya wateja wako zinatunzwa nchi gani? Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Uliyezikusanya taarifa hizo ndiye utakayeulizwa kwanza.

Mkikosana, mtaenda mahakama ya nani? Wengi hawajui kwamba Ibara ya 32 ya Mkataba wa Jumuiya inawaruhusu wahusika wa mkataba wa kibiashara kuipa Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mamlaka ya usuluhishi, mradi wawe wamekubaliana hivyo kwa maandishi.

Najua jibu litakalotoka madukani: mimi mdogo, nikidai mabadiliko naambiwa huo ndio mkataba wetu, chukua au acha. Ni kweli mtu mmoja hana nguvu. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vinayo. Wanachama 50 wanaotafuta huduma kwa pamoja hawaambiwi chukua au acha. Vyama hivyo viandae mkataba wa mfano, kwa Kiswahili, wenye vifungu hivi vichache. Februari 2021 wakuu wa nchi zetu waliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Lugha hiyo ifike basi kwenye karatasi inayomfunga muuza mchele wa Mutukula.

Hadi siku hiyo, omba siku saba za kuusoma mkataba na umlipe wakili aupitie. Kampuni inayokunyima siku saba kabla ya sahihi haitakuhurumia baada yake.