Maoni Yetu: Jiko la mgahawa lipate mwenyewe

Mgahawa ukiishiwa mchele, meneja anajua kabla ya saa nne asubuhi. Jiko likianza kutoa moto wa njano, anaweza kumaliza mwaka mzima bila habari. Tunalizungumzia lile jiko kubwa la gesi, pleti sita juu na oveni ya feni chini, lililonunuliwa kwa mamilioni ya shilingi kisha likakosa mwenyewe. Mpishi analitumia, kijana wa vyombo analifuta, mhasibu analilipia gesi. Siku likigoma, na lina tabia ya kugoma Ijumaa jioni wakati chakula cha harusi kimeshalipiwa, wote wanaulizana nani ana namba ya fundi.

Msimamo wetu ni huu: kulitunza jiko ni sehemu ya kazi ya kupika, na mwenye mgahawa anapaswa kulitengea mtu, siku na fedha. Asiyefanya hivyo haokoi kitu. Anailipia gesi inayopotea, anazilipia keki zilizoungua upande mmoja, na ipo siku anaweza kulipa kwa roho za watu.

Jambo lenyewe limezidi kuwa zito. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimetakiwa kuachana na kuni na mkaa. Tunaunga mkono bila kusita. Moshi umewatesa wapishi wetu vya kutosha. Ila mafiga yakiharibika kila mtu anaona, na jiko la gesi huharibika kwa ndani, likiendelea kuwaka na kuivisha wali kama kawaida.

Tuanze na kifaa kidogo kuliko vyote. Pembeni ya ule moto mdogo wa pailoti kuna kijiti cha chuma chenye waya mwembamba wa shaba. Mafundi wanakiita thamokapo. Ndani yake zimeunganishwa metali mbili tofauti, na zikipata moto huzalisha umeme kidogo mno, kama milivolti 20 hadi 30. Umeme huo ndio unaoshikilia koki ya usalama ibaki wazi. Pailoti ikizimika kwa upepo au kwa mchuzi uliofurika, kijiti kinapoa, umeme unakatika, koki inafunga, gesi haipiti tena. Ndiyo maana wakati wa kuwasha unaambiwa ushikilie kitufe kwa nusu dakika au dakika nzima: kijiti kinahitaji kupata moto kwanza.

Basi mpishi akishikilia, akiachia, na pailoti ikazimika hapo hapo, jiko limeshamweleza ugonjwa wake. Ama ncha ya thamokapo ina masizi, ama nati yake kwenye koki imelegea, ama moto wa pailoti ni mdogo na hauigusi ncha ipasavyo. Dawa ya hayo ni kusafisha, kukaza kwa mkono mwepesi na kuzibua tundu la pailoti. Isipopona, inabadilishwa thamokapo yenyewe, ambayo ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa katika jiko zima.

Jikoni kwetu dawa inayotumika ni nyingine. Mtu anachukua kijiti cha kiberiti au kipande cha mbao, anakikandamizia kwenye kitufe kisirudi, pailoti inabaki inawaka na kazi inaendelea. Wengine wanafunga kwa waya. Aliyefanya hivyo anasifiwa kuwa mjanja. Ukweli ni kwamba ameing'oa koki ya usalama akaacha bomba tupu: moto ukizimika usiku, gesi itatoka hadi mtungi uishe. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Inatambaa sakafuni, inaingia chini ya friji na kwenye mtaro wa maji machafu, na ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya mahali hapo, cheche ya swichi inatosha kulipua. Kwa kosa hili hatuna huruma. Anayeweka kabari kwenye koki ya usalama aondolewe jikoni, na meneja aliyeiona akanyamaza amfuate.

La pili ni rangi ya moto. Moto mzuri ni wa bluu, umetulia, hauna kelele. Ukiwa wa njano na sufuria zinatoka na masizi meusi, gesi haiungui yote. Unanunua mtungi ili kuchora matako ya sufuria, na zaidi ya hapo unatengeneza hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mara nyingi sababu ni uchafu: matundu ya bana, kile kichwa kinachotoa moto, yamezibwa na mafuta na wali, au mlango mdogo wa kuingizia hewa umefungwa. Bana zitolewe, zioshwe kwa maji ya moto na sabuni zikiwa zimepoa (chuma cha kalibu kikimwagiwa maji kingali moto hupasuka), zikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Matundu ya bana unaweza kuyazibua kwa waya. Nozeli, kile kitundu kidogo cha shaba kinachotoa gesi, usikiguse kwa waya wala sindano. Shaba ni laini, tundu litapanuka, na tundu likishapanuka jiko halitawaka bluu tena mpaka ununue nozeli mpya.

Hapo kwenye nozeli ndipo lilipo tatizo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Majiko mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Uingereza na Marekani yaliundwa kwa gesi asilia ya bomba. Sisi wengi tunatumia gesi ya mitungi, ambayo kwa ujazo ule ule ina nishati zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo nozeli ya gesi asilia ina tundu kubwa, na ukiifungia mtungi bila kuibadilisha, moto unaruka mrefu, wa njano, unaolamba hadi mishikio ya sufuria. Mwenye jiko anafurahi kwamba kalipata lenye nguvu! Kinyume chake kinaweza kutokea Dar es Salaam, ambako gesi ya Songo Songo ilianza kufika mwaka 2004 na sasa baadhi ya nyumba na taasisi zimeunganishwa na bomba: jiko lenye nozeli za mtungi likifungwa kwenye bomba linatoa kimoto cha kummaliza mpishi subira. Kabla ya kutoa fedha, soma kibao cha bati kilicho nyuma ya jiko au ndani ya mlango wa chini. Kimeandikwa aina ya gesi, mgandamizo wake na umeme unaotakiwa. Muuzaji asiyejua kibao kiko wapi hajui anachouza.

Umeme nao una mtego wake, kwa sababu oveni ya feni inahitaji mota. Jiko la Marekani huwa na mota ya volti 115 na hezi 60. Hapa kwetu ni volti 230 au 240 na hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja, mota inaungua papo hapo. Ukiiwekea transfoma, volti zitakaa sawa lakini hezi hazibadiliki, na mota ya aina hiyo itazunguka polepole, kama sehemu tano kwa sita ya kasi yake, huku ikipata joto kupita kiasi. Dawa ya kudumu ni kubadilisha mota.

Na feni yenyewe ina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Inasukuma hewa ya moto izunguke trei zote, ndiyo maana mapishi ya oveni ya kawaida yakihamishiwa humo hupunguzwa kama nyuzi 20 za Selsiasi. Feni ikisimama, si lazima oveni izime. Inaoka vibaya tu, juu nyeusi, katikati mbichi, na lawama zote zinamwangukia mwokaji. Kabla ya kumkaripia, fungua macho na masikio. Feni inanguruma bila kuzunguka? Kapasita au mota. Inapiga kelele ya kukwaruza? Beringi zimekauka. Haigeuki kabisa? Angalia kwanza ile swichi ya mlangoni inayoizima mlango ukifunguliwa, maana mlango uliolegea hauigusi, na mlango hulegea kwa sababu wapishi wameugeuza meza ya kuwekea sufuria za lita hamsini. Feni ikiwa nzima na keki bado inaungua upande mmoja, tazama kama trei zimebanana hadi hewa haina pa kupita, au kama mtu ametandika karatasi ya foili sakafuni mwa oveni akaziba matundu.

Kuna pia themostati, kidhibiti cha joto la oveni. Usiiamini kwa kusoma namba za kitufe. Weka kipimajoto cha oveni katikati, washa nyuzi 180, subiri nusu saa, kisha andika joto la juu na la chini oveni inapozima na kuwaka mara kadhaa. Wastani ukipishana na kitufe kwa nyuzi 15 au zaidi, mwite fundi aisahihishe. Lakini kwanza safisha kile kijiti cha kupimia kilichoko ukutani mwa oveni. Kikifunikwa na mafuta yaliyoganda kinachelewa kuhisi joto, na oveni inapanda kupita unavyotaka.

Lalamiko tunalolisikia sana ni hili: asubuhi moto mzuri, jioni wateja wamejaa moto umekuwa dhaifu. Jiko halina kosa. Pleti sita na oveni zikiwashwa zote zinaweza kufika kilowati 50, na hiyo ni karibu kilo 4 za gesi kwa saa. Mtungi mmoja wa kilo 38 hauwezi kugeuza maji ya gesi kuwa hewa kwa kasi hiyo kwa muda mrefu. Unapoa, unatoka jasho, hata barafu inaushika, na mgandamizo unashuka. Kinachotakiwa ni mitungi miwili, mitatu au zaidi iliyounganishwa pamoja, nje ya jengo, na regyuleta, yaani kidhibiti cha mgandamizo, inayolingana na mzigo huo. Ile ya jiko la nyumbani haifai. Kinachofanyika ni kuulaza mtungi chali au kuumwagia maji yanayochemka. Mtungi ukilazwa, gesi inatoka ikiwa maji badala ya hewa, inapita regyuleta, inafika kwenye bana na kuwa mwali wa kutisha. Tunasikitika kuona bado jambo hili linafundishwa na mpishi mkubwa kwa mdogo kama elimu.

Kuvuja kwa gesi kunapimwa kwa povu la sabuni kwenye kila kiungo, baada ya kila kubadilisha mtungi. Kiberiti hakipimi kitu.

Visiwani na pwani kuna la ziada. Hewa ya bahari inakula skrubu, bawaba na koki, na hoteli nyingi za Unguja hupunguza shughuli au hufunga wakati wa masika, Aprili na Mei. Jiko likikaa miezi miwili bila kuwashwa, buibui huingia kwenye mirija ya bana na kusuka nyumba. Siku ya kufungua, moto unarudi nyuma na kuwaka kwenye nozeli. Majira hayo hayo ya masika ndiyo wakati mwafaka wa kumwita fundi afungue kila kitu, apake grisi ya joto kali kwenye koki zilizokaza, abadilishe gasketi za mlango na mpira wa gesi uliopasuka. Wenye hoteli wengi hupaka rangi ukuta wa mapokezi na kuliacha jiko.

Hatusemi mpishi awe fundi. Koki, regyuleta na mabomba ni kazi ya mtu aliyesomea, naye aachie karatasi iliyosainiwa inayosema amefanya nini. Tunachosema ni kwamba kila mpishi ajue kusoma rangi ya moto, kuondoa na kuosha bana, kupima povu, na kujua koki kuu iko wapi na inafungwaje gizani. Vyuo vya hoteli, vya VETA na vya binafsi, viyaweke haya kwenye mtihani wa vitendo, sawa na kukata kitunguu.

Na kwa wakaguzi wa usalama kazini wa OSHA na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji tuna ombi moja. Mkiingia jikoni, msiishie kwenye tarehe ya mtungi wa kuzimia moto. Mwambieni mpishi awashe pailoti, aizime kwa kuipuliza, kisha simameni na saa mkononi. Koki nzima italia tak na kufunga ndani ya dakika moja na nusu. Isipofunga, jiko hilo lisiwashwe tena mpaka litengenezwe, hata kama wageni wameshakaa mezani.