Stadi za tarakilishi zitangulie masomo ya mtandaoni

Tangu shule na vyuo vifungwe mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Korona, masomo ya mtandaoni yamekita mizizi nchini. Mnamo Agosti 2023, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati ya idhini. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, lakini kuna jambo linalopuuzwa.

Wengi hudhani kwamba kijana aliyezoea simu anaijua tarakilishi. La hasha! Mimi hupokea insha zilizopigwa picha, ukurasa baada ya ukurasa, na faili zisizo na jina la mwandishi. Wapo wanaopoteza kazi ya juma zima kwa kutojua kuihifadhi, na wengine hukosa mtihani kwa kusahau nywila. Hawa si wajinga. Wahenga walisema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Kabla ya kujisajili, mwanafunzi sharti ajue kupiga chapa, kuhifadhi faili na kuipata tena, kupakua na kupakia nyaraka, kuambatisha kazi kwenye barua pepe na kuilinda nywila yake. Haya hayahitaji shahada. Majuma mawili yanatosha.

Nawasihi wakuu wa vyuo watenge majuma hayo kabla ya muhula kuanza, tena bila malipo. Nao walimu wa sekondari wasiziache tarakilishi zikae chini ya kufuli. Si haki mwanafunzi wa historia aangushwe na kipanya.