Kava Elfu Nane, Kutuma Elfu Saba

Wanachuo wenzangu, kila anayenunua vitu vya Kariakoo kwa simu anayajua maneno haya: "Mikoani tunatuma." Picha kali, bei imeandikwa kwa herufi kubwa, na sisi tuliopo Dodoma tunaona kama duka limehamia hosteli. Bei ya kutuma haijaandikwa popote. Utaambiwa ukishakubali kununua, na kwa anayenunua kitu kidogo, hapo ndipo bumu linapoliwa.

Simaanishi mzigo usafirishwe bure. Kutoka Dar mpaka hapa ni kilomita 450 hivi. Mtu lazima akitoe kitu dukani, akifunge, aandike jina na namba ya simu, boda akipeleke ofisi ya basi, karani akate risiti, na huku Nanenane mtu mwingine akishushe na kukutafuta kwa simu. Kazi hiyo ni ile ile uwe umenunua sabufa ya laki mbili au kava ya simu. Mwenye sabufa hata hahisi elfu saba ya kutuma, lakini mwenye kava ni kama ananunua kava mbili na kupokea moja.

Ninayo hesabu ya kweli. Mwaka huu niliagiza kava ya 8,000. Muuzaji, ambaye simtaji, akasema kutuma ni 7,000. Nikaomba mchanganuo: basi 3,000, boda wa kupeleka mzigo Shekilango 3,000, kufunga 1,000. Nililipa, kwa sababu kwa simu yangu hapa mjini sikuipata. Mzigo ulipofika, risiti ya basi ilisema kweli 3,000. Kufunga kwenyewe kulikuwa bahasha ya kaki na selotepu. Lakini pale ofisi ya vifurushi niliwakuta wanachuo wanne wenye bahasha kama yangu, zimeandikwa kwa mwandiko ule ule, namba ya muuzaji ile ile, zimeletwa na basi lile lile. Tukaulizana. Kila mmoja alikuwa ametozwa 3,000 ya boda.

Yaani boda mmoja, safari moja, amelipwa mara tano. Au tuseme amelipwa mara moja, na 12,000 imebaki kwa muuzaji. Nilipompigia alinijibu kwa upole kabisa: "Kaka, ndiyo bei yetu ya mikoani, wote wanalipa hivyo." Kwamba tunalipa wote nilishakuona kwa macho yangu pale stendi, na ndicho kilichonifanya nipige simu.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1837 Mwingereza Rowland Hill aliandika kijitabu akipinga viwango vya posta ya nchi yake, vilivyokuwa vikipanda kwa umbali. Alipiga hesabu akaonyesha kwamba kuisafirisha barua moja kutoka London hadi Edinburgh kuligharimu sehemu ndogo sana ya peni, kwa sababu gari lilikuwa limebeba barua nyingi. Gharama kubwa ilikuwa kwenye kuzipokea, kuziandika na kudai malipo. Mwaka 1840 Uingereza ikaanza kutoza peni moja kwa barua nyepesi, iende popote ndani ya nchi, ilipiwe kabla. Bei ikawa inajulikana na kila mtu kabla hajafika dirishani. Sisi tuna simu janja mkononi, na bei ya kutuma bado tunaambiwa inboksi.

Na mchezo wa kuficha faida kwenye usafiri si wa Kariakoo peke yake. Kwenye eBay ya Marekani, kamisheni zamani ilikatwa kwenye bei ya bidhaa tu. Wapo waliotangaza kitu kwa bei ya kutupa, halafu wakapandisha gharama ya kutuma. Mwaka 2011 eBay ikaanza kukata kamisheni kwenye jumla yote, pamoja na usafirishaji, na ujanja huo ukapoteza faida yake.

Najua wapo watakaoninunia, maana wengi wetu hapa chuoni ndio wauzaji wenyewe. Utaniambia faida ya kava ni ndogo, kuna makato ya kutuma na kutoa hela, kuna wateja wanaoagiza halafu wanazima simu. Ni kweli. Basi iandike faida yako kwenye bei ya kava. Sema kava ni 10,000, nami nitaamua kama naiweza. Ukiita faida yako "boda", unaninyima nafasi ya kulinganisha duka lako na la jirani yako, na unamuumiza jirani yako anayesema bei ya kweli, kwa sababu kwenye picha yeye ndiye anayeonekana ghali.

Tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi, hata kwenye bei. Lakini nani ataacha vipindi akashtaki kwa ajili ya elfu tatu? Hela ya chakula na malazi ya mkopo ni 10,000 kwa siku. Kutuma kava moja kumemeza zaidi ya nusu ya siku hiyo, na bado hujapanda daladala kwenda kuchukua mzigo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla hujatuma hela, uliza swali moja: "Jumla mpaka Nanenane ni shilingi ngapi, na basi peke yake ni ngapi?" Asiyetaka kujibu, mwache. Pili, tuagize kwa pamoja. Chumba kimoja, korido moja, mzigo mmoja, jina moja kwenye risiti. Basi likitoza 5,000 kwa boksi la watu watano, kila mtu anatoa buku. Wanaochukua kozi moja na kuhitaji kalkuleta za aina moja hawana sababu ya kuagiza mmoja mmoja.

Tatu, namwelekea waziri wetu wa biashara kwenye serikali ya wanafunzi. Ubao wa matangazo pale kantini umejaa mabango ya sherehe. Tutengeeni kona moja ya orodha ya wauzaji wanaoandika bei kamili, pamoja na ya kutuma, iwe inabadilishwa kila mwezi. Haihitaji bajeti. Inahitaji mtu mmoja mwenye karatasi na kalamu, na sisi wengine tukubali kumpelekea risiti zetu. Ya kwangu ninayo bado, ya 3,000, na nitakuwa wa kwanza kuileta.